Skrini ya buluu: Shabunda itatengenezaje kompyuta ikiwa dawa yake iko kwenye intaneti?

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani imefunga msaada wa kawaida kwa Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Zinaendelea kuwaka, lakini zile ambazo hazikuandikishwa katika mpango wa nyongeza hazipati tena marekebisho ya usalama. Katika wilaya ya Shabunda, jimboni Kivu Kusini, ambako mashini za mkono wa pili ni jambo la kawaida, habari hiyo inaongeza uzito wa tatizo ambalo makarani, wauguzi, walimu na wenye nyumba za fotokopi wanalijua tayari: skrini ya buluu.

Mtu yuko katikati ya kazi, anaunganisha modemu au waifai, ghafla kila kitu kinasimama. Skrini yote inakuwa buluu, maandishi machache yanatokea, mashini inajizima na kujiwasha tena. Wengi husema ni virusi. Wengine husema kompyuta imekufa, na kuipeleka kwa fundi ili "aiformate". Mara nyingi si virusi, na kompyuta haijakufa. Kinachoangusha mashini ni programu ndogo inayoitwa piloti, hasa piloti ya mtandao. Kuiondoa si kazi ngumu. Ugumu ni kwamba piloti sahihi inapatikana kwenye intaneti, na mashini iliyoanguka kwa sababu ya mtandao haiwezi kwenda kuitafuta.

Kwa mkaaji wa Kinshasa au Nairobi, huo ni usumbufu wa saa moja. Shabunda hali ni tofauti.

Wilaya yenye ukubwa wa nchi

Shabunda ina kilomita za mraba zaidi ya 25,000, karibu sawa na Rwanda nzima. Ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za Kivu Kusini, ikiwa na sultani mbili, Bakisi na Wakabango I. Kutoka Bukavu hadi Shabunda-centre ni zaidi ya kilomita 300 za barabara inayopita msituni, na kwa miaka mingi magari hayajaweza kuitegemea. Mizigo mingi ilizoea kuja kwa ndege ndogo. Vita vilivyofika Bukavu na uwanja wa ndege wa Kavumu mwezi Februari 2025 vimefanya njia zote hizo kuwa ngumu zaidi.

Umeme wa watu wengi ni wa sola au jenereta. Intaneti ni ya simu pale mnara unapofika, au ya satelaiti katika ofisi zenye uwezo. Serikali iliruhusu Starlink kufanya kazi nchini mwezi Mei 2025, baada ya kuikataza mwaka 2024. Ruhusa hiyo inafungua mlango, lakini chombo, malipo ya kila mwezi na umeme wa kukiwasha bado ni mzigo kwa shule au kituo cha afya cha msituni.

Katika hali hiyo, kompyuta moja inabeba kazi ya mashini nyingi. Ndani yake kuna ripoti za zoni ya afya, orodha za walimu, hesabu za machimbo ya kasiteriti na dhahabu, barua za utawala. Wilaya jirani ya Mwenga ilituonyesha uzito wa orodha kama hizo. Huko Kamituga, aina mpya ya mpox iligunduliwa baada ya wagonjwa kuanza kuonekana Septemba 2023, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura ya kimataifa. Ugonjwa unafuatiliwa kwa ripoti za kila juma. Kompyuta ikianguka siku ya kutuma ripoti, mgonjwa wa kijijini bado yupo, lakini kwenye hesabu za jimbo hayupo.

Dunia nzima ilionja mwaka 2024

Tarehe 19 Julai 2024, skrini ya buluu iliingia kwenye habari za dunia nzima. Kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilituma faili dogo la marekebisho kwa wateja wake. Programu yake, inayofanya kazi ndani kabisa ya Windows kama piloti, ilisoma faili hilo vibaya na kuangusha mashini. Microsoft ilikadiria kompyuta milioni 8.5 ziliguswa, na hizo hazikufika hata asilimia moja ya mashini zote za Windows. Hata hivyo ndege zilibaki chini, hospitali zilirudi kwenye karatasi, na benki zilisimama. Shirika la ndege la Delta la Marekani peke yake lilifuta safari 7,000 hivi kwa siku chache.

Kuna jambo moja katika tukio lile linalotuhusu sana. CrowdStrike iliondoa faili baya kwa muda wa chini ya saa moja na nusu. Lakini mashini zilizokwisha kuanguka hazikuweza kupokea dawa, kwa sababu hazikuwaka muda wa kutosha ili kufika kwenye mtandao. Ilibidi mafundi waende kwenye kila kompyuta, waiwashe kwa hali ya usalama, na wafute faili kwa mkono. Kampuni kubwa zenye intaneti ya kasi zilijikuta katika hali ya Shabunda: mgonjwa yuko hapa, dawa iko kule, na katikati hakuna njia. Waliotoka haraka ni wale waliokuwa na watu wenye kujua la kufanya, na ambao funguo za mashini zao zilihifadhiwa mahali pengine.

Kwa nini piloti ya mtandao?

Piloti, ambayo wengine huiita draiva, ni programu inayoifundisha Windows namna ya kuzungumza na kifaa: kadi ya waifai, modemu, printa. Programu za kawaida, kama ile ya kuandikia barua, zinafanya kazi nje ya kiini cha Windows. Moja ikikosea, inafungwa peke yake na nyingine zinaendelea. Mfano wake ni mteja wa mgahawa: akimwaga chai, meza yake tu ndiyo inalowana. Lakini piloti nyingi zinafanya kazi jikoni, penye moto na masufuria. Mmoja wa jikoni akikosea, mgahawa wote unafungwa.

Piloti ya mtandao ina hatari zaidi kwa sababu haipumziki. Data ikiingia, kadi inaikatiza kompyuta mara nyingi sana kwa sekunde, na piloti lazima ijibu papo hapo, kabla ya kazi nyingine. Ikigusa sehemu ya kumbukumbu isiyoruhusiwa wakati huo, Windows inaona ni bora isimame kuliko kuendelea na kuharibu mafaili. Skrini ya buluu ndiyo hiyo: breki ya dharura. Kwenye Windows 11, Microsoft imeanza tangu 2025 kuibadilisha rangi kuwa nyeusi. Anayeiona nyeusi ajue kwamba ni ile ile.

Mgongano wa hapa kwetu unatoka wapi?

Chanzo cha kwanza ni modemu za USB. Mkaaji anatumia modemu ya kampuni moja, mtandao wake ukipotea ananunua ya nyingine, kisha ya tatu. Modemu nyingi za namna hii huja na programu na piloti zake ndani. Modemu ikitolewa, piloti inabaki. Baada ya miaka michache mashini inakuwa na piloti za vifaa ambavyo havipo tena, baadhi zikiwa zimetengenezwa kwa ajili ya Windows 7.

Chanzo cha pili ni flashi ya fundi. Baada ya kuweka Windows upya, waifai mara nyingine haionekani. Fundi asiye na intaneti anatumia furushi la piloti za kila aina, ambalo linakisia ni ipi inayofaa. Likikisia vibaya, kadi inafanya kazi leo, na kesho skrini ya buluu inarudi.

Cha tatu ni antivirusi mbili kwa pamoja, au antivirusi na programu za VPN zilizorundikana. Kila moja inaweka kichungi chake kwenye njia ya mtandao. Vichungi viwili vikishika data ile ile, vinaweza kugombana.

Cha nne hakizungumzwi sana. Kompyuta iliyokaa miezi mingi bila intaneti inafika Bukavu au Kindu, inaunganishwa, na Windows inaanza kuvuta marekebisho yote yaliyorundikana, piloti mpya zikiwemo. Umeme ukikatika katikati, au mwenye mashini akiifunga kwa haraka kwa sababu safari imefika, anarudi nyumbani na mashini iliyotengenezwa nusu.

Kuformata si dawa ya kwanza

Fundi anayeformata kila mashini inayoletwa si lazima awe mtu mbaya. Kazi hiyo inaeleweka, inalipwa, na mara nyingi mashini inawaka. Lakini mteja analipa mara tatu: pesa, mafaili yaliyofutika, na tatizo kurudi ikiwa piloti mbovu imewekwa tena. Kwa ofisi ya serikali au kituo cha afya, mafaili hayo si mali ya mwenye kiti. Ni ya watu walioandikwa ndani yake. Sheria ya kidijitali ya Kongo ya tarehe 13 Machi 2023 inazungumzia pia ulinzi wa habari za watu, na kulinda habari ni pamoja na kutozipoteza.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa fundi lisiwe bei. Liwe hili: skrini iliandika nini?

Hatua za kufuata bila intaneti

Kwanza, tenganisha skrini ya buluu na umeme mbaya. Mashini ikizimika ghafla bila skrini yoyote, angalia betri, chaja na sola kwanza.

Pili, piga picha ya skrini kwa simu. Chini yake kuna jina la kosa, na wakati mwingine jina la faili lenye mwisho wa .sys. Maneno DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL ni dalili nzito ya piloti. Majina kama ndis.sys, tcpip.sys au netio.sys ni ya sehemu za mtandao za Windows yenyewe. Hizo mara nyingi si mkosaji, ila zinaonyesha kwamba mkosaji yuko upande wa mtandao. Jina linaloanza na Netwtw ni piloti ya waifai ya Intel. Majina yanayoanza na rt mara nyingi ni ya Realtek. Ikiwa kila mara kosa linabadilika jina bila mpango, shuku kumbukumbu ya RAM, vumbi au joto kabla ya kulaumu piloti.

Tatu, chomoa modemu na kila kifaa cha USB, kisha washa tena. Ikitulia, umekwisha kupata nusu ya jibu.

Nne, ikiwa mashini haidumu kuwaka, izime kwa kitufe mara tatu mfululizo wakati Windows inaanza. Mara inayofuata italeta ukurasa wa matengenezo. Ingia kwenye sehemu ya matatizo, chaguo za juu, kisha mipangilio ya kuanzisha. Baada ya kuwaka tena, bonyeza 4 ili kuingia katika hali ya usalama, ambayo kwenye Windows ya Kifaransa inaitwa Mode sans échec. Namba 5 ni hali ile ile pamoja na mtandao. Mashini inayotulia kwa namba 4 na kuanguka kwa namba 5 inakuonyesha mkosaji kwa kidole.

Tano, fungua Gestionnaire de périphériques, tafuta kadi za mtandao, na uizimishe ile unayoishuku. Fanya kazi siku moja au mbili. Skrini ya buluu isiporudi, piloti hiyo ndiyo. Kipimo hiki hakihitaji intaneti wala pesa.

Sita, katika sifa za kadi hiyo, sehemu ya piloti, kuna kitufe cha kurudisha piloti ya zamani. Kikiwa hai, kitumie kwanza. Kisipokuwa hai, ondoa kifaa pamoja na programu ya piloti yake, kisha washa upya ili Windows iweke piloti yake ya ndani. Chagua pia kuonyesha vifaa vilivyofichwa, uondoe modemu za zamani moja moja. Ukiwa na antivirusi mbili, baki na moja.

Saba, ikiwa piloti mpya inahitajika, andika modeli kamili ya kompyuta iliyo chini yake au karibu na betri, na utafute kwenye ukurasa wa kampuni iliyoitengeneza. Piloti ya mtandao mara nyingi ni makumi ya megabaiti, wakati Windows nzima ni gigabaiti kadhaa. Simu inaweza kuipakua na kuihamishia kwenye kompyuta kwa waya. Simu ya Android inaweza pia kuipa kompyuta intaneti kwa waya wa USB bila kupitia kadi ya waifai iliyoharibika.

Nane, ukishindwa, usitume kompyuta nzima Bukavu. Kila mwanguko huacha faili dogo katika C:\Windows\Minidump. Mara nyingi halizidi megabaiti chache, na linaweza kupita kwa WhatsApp. Fundi aliye mbali anaweza kulisoma na kukutajia piloti iliyokosea. Ukiwa na habari za siri kwenye mashini, litume kwa mtu unayemwamini tu, maana ndani yake mna kipande cha kumbukumbu.

Akiba iwekwe kabla ya njaa

Hatua hizo ni za siku ya shida. Kazi kubwa zaidi ni ya siku ambayo mashini ni nzima, na inachukua dakika chache. Chukua flashi, tengeneza ndani yake folda iitwayo piloti, fungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi, na uandike:

dism /online /export-driver /destination:D:\piloti

Herufi D ibadilishwe kulingana na flashi yako. Amri hiyo inanakili piloti zilizoongezwa kwenye mashini, ile ya waifai ikiwemo. Hata Windows ikiwekwa upya, hutahitaji furushi la kukisia. Flashi hiyo iandikwe jina la kompyuta yake, isiazimwe kwa sinema, na iwe na nakala ya mafaili muhimu. Ikiwa mashini imefungwa kwa BitLocker, jambo linalotokea kwa kompyuta zilizotoka kwenye mashirika, ufunguo wake wa tarakimu 48 uandikwe kwenye karatasi na kufungiwa mbali na mashini. Mwaka 2024 ofisi nyingi duniani zilikwama kwa kukosa ufunguo huo.

Dawa mpya hazikutengenezwa kwa ajili ya Shabunda

Baada ya fedheha ya 2024, Microsoft imeanza kubadilisha mambo. Inatafuta namna ya kuzitoa antivirusi ndani ya kiini. Imeleta pia katika Windows 11 njia ya kompyuta iliyoanguka kujitafutia dawa yenyewe. Ni hatua nzuri, lakini njia hiyo ya pili inafanya kazi kwa kuunganisha mashini kwenye intaneti na kuvuta dawa kutoka huko. Pasipo mtandao, au pale ambapo mtandao wenyewe ndio ulioharibika, haisaidii kitu.

Windows 11 nayo haikubali rasmi mashini nyingi za zamani. Inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Mwenye Windows 10 binafsi anaweza kujiandikisha kwa marekebisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026, lakini anahitaji akaunti ya Microsoft na intaneti. Mpango huo hauahidi piloti mpya. Watengenezaji wa kadi watazidi kuandika piloti kwa ajili ya mfumo mpya, na mashini za zamani zitabaki na zile zilizopo. Ndiyo sababu nyingine ya kuzinakili sasa.

Wajibu wa nani?

Mwenye kompyuta binafsi anaweza kuanza na flashi moja. Kwa ofisi za wilaya, zoni za afya na shule, jambo hili linahitaji uamuzi wa mkubwa wa kazi: mtu mmoja ajulikane kuwa mlinzi wa flashi za piloti, na daftari moja liandikwe kila mwanguko, tarehe yake, jina la kosa, na kilichobadilishwa kabla yake. Daftari la karatasi halianguki pamoja na kompyuta.

Mashirika yanayoleta kompyuta nayo yana deni. Mara nyingi sherehe ya kukabidhi mashini inapigwa picha, kisha mfadhili anaondoka. Mashini inayopelekwa mahali pasipo na intaneti inapaswa kufika na piloti zake kwenye flashi, ufunguo wake kwenye karatasi, na mtu wa hapo hapo aliyefundishwa kuirudisha. Gharama ya flashi na mafunzo ya siku mbili ni ndogo kuliko tiketi moja ya ndege ya kumleta fundi.

Barabara ya Shabunda haitatengenezwa na makala, wala amani haitaletwa na flashi. Lakini si kila kinachoikwamisha wilaya hii kinangojea Kinshasa. Ripoti ya wagonjwa inayopotea kwa sababu ya piloti ya modemu iliyotupwa zamani ni hasara ambayo wakaaji wenyewe wanaweza kuizuia juma hili, kwa amri ya mstari mmoja na flashi ambayo haitaazimwa.